Saa sita ya usiku ambayo haikuwepo

Kwa miaka mingi, ukiiuliza programu ya Java kuhusu Nairobi tarehe 1 Januari 1960, ilikuwa inakuambia siku hiyo haikuanza saa sita usiku. Ilianza saa sita na robo. Dakika kumi na tano za mwanzo hazikuwepo kabisa.

Haikuwa uzushi. Kompyuta karibu zote duniani, pamoja na simu uliyoshika sasa hivi, zinasoma kumbukumbu moja ya saa za dunia inayoitwa tz. Aliyeianzisha ni Mmarekani Arthur David Olson, miaka ya 1980, na kwa muda mrefu imetunzwa na Paul Eggert wa Los Angeles. Mle ndani kila mji una historia yake: lini saa zilisogezwa mbele, lini zilirudishwa nyuma, kwa dakika ngapi. Nairobi ya kumbukumbu hiyo ilianza kwa kufuata jua, saa 2 dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Halafu ikapita kwenye saa mbili na nusu, ikaja mbili na dakika 45 (ndiyo, serikali ya kikoloni iliona robo tatu ni wazo zuri), mwisho ikatua kwenye saa tatu kamili, hizi tunazozijua leo. Toleo la zamani la kumbukumbu liliweka hatua hiyo ya mwisho mwanzoni mwa 1960. Saa ilipogonga sita usiku ikarukishwa hadi sita na robo. Dar es Salaam ilikuwa na mruko kama huo huo, ila wake ni 1 Januari 1961.

Sasa hebu fungua droo ya pasipoti nyumbani kwenu. Angalia tarehe za kuzaliwa za wazee.

Tulipoongea kuhusu makaratasi ya familia kwenye podikasti, mlituandikia wengi mkicheka kwamba nyumba nzima ina birthday siku moja. Baba 1 Januari, mjomba 1 Januari, bibi 1 Januari. Walizaliwa nyumbani, mkunga alikuwepo, kalenda haikuwepo, na siku walipohitaji karatasi afisa akauliza mwaka, siku na mwezi akajaza mwenyewe. Kwa hiyo tarehe ambayo kompyuta iliona haina saa sita usiku ndiyo hiyo hiyo wazee wetu waliyopewa. Mimi kazi yangu ni kuandika programu hapa London, na ninataka kuwasimulia jinsi jambo hili lilivyokuwa tatizo, na kwa nini watu walichukua karibu miaka ishirini kulitatua. Hata hivyo sidhani limekwisha.

Swali la kwanza: tarehe ya kuzaliwa inahusiana nini na saa sita usiku? Ukimuuliza bibi alizaliwa lini, hakutajii dakika. Anakutajia siku, au mwaka wa njaa, au mwaka wa mvua kubwa. Lakini Java ilipotoka Januari 1996 ilikuwa na aina moja tu ya data kwa mambo yote ya wakati, nayo iliitwa java.util.Date. Jina linasema tarehe. Ndani yake hamna tarehe. Kuna namba moja tu: milisekunde ngapi zimepita tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za kimataifa. Ukitaka kuhifadhi siku tupu, huna njia. Lazima uchague nukta fulani ndani ya siku hiyo, na kila mtu alichagua mwanzo wake, saa sita usiku. Saa sita ya wapi? Ya mji ambao kompyuta inadhani ipo.

Nyie wa Uingereza mtapenda hii. Kati ya 1968 na 1971 nchi hii ilifanya jaribio la kubaki saa moja mbele ya Greenwich mwaka mzima, hata majira ya baridi. Kwa hiyo ile nukta ya sifuri, mwanzo wa wakati wa kompyuta nyingi, London iliikuta saa saba usiku. Mpaka leo ukiiambia Java ikuandikie sifuri kwa saa za London, inakuandikia 01:00 na pembeni inaweka GMT. Yaani hata Greenwich haikuwa kwenye saa za Greenwich.

Date ilirithi na mambo mengine kutoka lugha kongwe ya C. Miezi ilihesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo Januari ni 0 na Machi ni 2. Miaka ilihesabiwa kuanzia 1900. Ukiandika mwaka 2014, mwezi 3, siku 18, unapata tarehe 18 Aprili mwaka 3914. Zaidi ya hapo, tarehe yenyewe ilikuwa inabadilika: unampa mwenzako tarehe ya mkataba, sehemu nyingine ya programu inaisogeza, na tarehe yako nawe imesogea bila wewe kujua. Mwaka 1997 wakaongeza Calendar ili kurekebisha. Januari ikabaki 0, na bado ilibadilika mkononi. Sina la ziada la kusema kuhusu Calendar.

Lililowagusa watu wa kawaida lilikuwa lile la saa sita usiku. Chukua mtu aliyezaliwa 15 Julai. Anajaza fomu hapa London, programu inaweka saa sita usiku ya London. Lakini Julai London iko saa moja mbele, kwa hiyo kwa saa za kimataifa hiyo ni saa tano usiku ya tarehe 14. Seva inayofuata saa za kimataifa inachukua tarehe, inatupa saa, inahifadhi 14 Julai. Aliyezaliwa Desemba hapati shida yoyote. Sasa ihamishe fomu hiyo Mombasa, saa tatu mbele, au Muscat, saa nne mbele. Huko kila mtu anarudishwa nyuma siku moja, awe wa Julai au wa Desemba.

Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, sitapataja, mfumo wa wateja ulikuwa na ugonjwa huu kabla sijafika. Waliozaliwa kiangazi walikuwa na tarehe mbili, moja kwenye fomu na nyingine kwenye barua. Dawa yao ilikuwa kuongeza masaa kumi na mawili kwenye kila tarehe ya kuzaliwa, ili ikisukumwa kidogo isivuke mpaka wa siku. Jamani, masaa kumi na mawili! Na ilifanya kazi kiasi cha kutosha watu wasiiguse tena. Mwenye pasipoti ya hapa na jina linaloeleweka hilo alilicheka tu. Lakini sisi tunajua mzee akifika dirishani na karatasi mbili zenye tarehe tofauti anaangaliwaje. Anaanza kuulizwa maswali ambayo jirani yake haulizwi, na mwenye dirisha hawezi hata kuwaza kwamba aliyedanganya ni kompyuta.

Aliyeamua kulishika jambo hili ni Mwingereza, Stephen Colebourne. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliandika maktaba iitwayo Joda-Time. Maktaba hapa si ya vitabu, ni furushi la msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wauchukue na kuutumia kwenye programu zao. Joda-Time ilitoa kitu ambacho ukikisikia unajiuliza mbona hakikuwepo siku zote: LocalDate. Mwaka, mwezi, siku, basi. Haina saa, haina mji. Tarehe 1 Januari 1960 ni 1 Januari 1960 hata uipeleke Tokyo. Na Januari ni 1.

Joda-Time ilikuwa kali vilevile. Date ya zamani, ukiiomba saa sita usiku isiyokuwepo ya Nairobi, ilikupa kimya kimya sita na robo. Joda-Time ukiiomba DateTime ya saa hiyo iligoma, ikakuambia wakati huo ni batili kwa sababu saa zilisogezwa. Programu inasimama. Hebu fikiria kijana wa Nairobi anaandika mfumo wa benki au wa hospitali, tarehe zote zinakubali, halafu akiingiza 1 Januari 1960 mfumo unaanguka. Na 1 Januari si tarehe ya watu wawili watatu kwetu. Ukali ule ulikuwa na haki yake, lakini aliyelipa gharama ni yule ambaye tarehe yake ilikuwa ya kubahatisha tangu mwanzo.

Mwaka 2007 ilianza kazi rasmi ya kuingiza mawazo hayo ndani ya Java yenyewe, kwa namba JSR-310. Ilichukua miaka saba. Colebourne hakutaka kunakili Joda-Time kama ilivyo, na sababu mojawapo ndiyo kiini cha habari yote hii: aliona aliuchanganya wakati wa mashine na wakati wa watu. Mashine inahesabu, tik tik tik, namba moja inayokua. Watu wana kalenda ukutani na saa mkononi. Kwenye Joda-Time vitu hivyo viwili vilikuwa ndugu wa karibu mno, na mtu aliweza kutoka huku kwenda kule bila kuulizwa.

Java 8 ilitoka 18 Machi 2014, na ndani yake java.time. Instant ni wakati wa mashine, nukta moja ambayo ni ile ile ulimwengu mzima. LocalDate ni siku ya kwenye kalenda. LocalTime ni saa ya ukutani: duka linafunguliwa saa tatu asubuhi, na huhitaji kujua nchi gani. ZonedDateTime ni siku na saa pamoja na mji. Harusi ya Mombasa mwakani unaihifadhi hivyo, na unahifadhi mji, usihifadhi "masaa matatu mbele ya Greenwich", kwa sababu serikali zina tabia ya kubadili sheria za saa. Misri ilirudisha majira ya kiangazi mwaka 2023, na kila aliyehifadhi tofauti ya masaa badala ya Cairo ilibidi aanze kusahihisha.

Sisi tungeelewa haraka kuliko wengine, nadhani. Kila aliye kwenye grupu la WhatsApp la ukoo amewahi kusoma "tukutane kwenye simu saa mbili" na kuuliza ya wapi. Halafu binamu aliyekulia Milton Keynes anauliza tena: saa mbili ya Kiswahili au two o'clock?

Sawa, java.time imetoka, tumeshinda. Hapana. Aina mpya ya data ikishazaliwa ni kama mtoto asiye na cheti. Yupo, lakini hakuna ofisi inayomtambua. Programu yako haikai peke yake. Inaongea na hifadhidata kwa kutumia maktaba moja, inatuma barua mtandaoni kwa kutumia nyingine, inachora fomu kwa ya tatu. Kila mojawapo ilijua Date tu. Kuzifundisha LocalDate, maktaba moja baada ya nyingine, ndiyo kazi ambayo haiandikwi popote, na ndiyo iliyochukua muda.

Jackson, kwa mfano. Ni maktaba inayogeuza data ya Java kuwa JSON, maandishi ambayo programu zinatumiana mtandaoni. Wakati huo kampuni nyingi zilikuwa bado kwenye Java 6 na 7, na msimbo unaotaja LocalDate unaanguka pale ambapo LocalDate haipo. Kwa hiyo wakaiweka kwenye kifurushi cha pembeni ambacho ulitakiwa kukiongeza mwenyewe. Ukisahau, Jackson ya zamani haikusema kitu. Iliitazama LocalDate kama kitu chochote kile na kumwaga kila ilichokiona: mwaka 1960, mwezi JANUARY, siku 1, siku ya wiki FRIDAY, mwaka mrefu ndiyo, zama CE, na aina ya kalenda. Yote hayo kwa tarehe moja, na ukijaribu kuisoma tena haisomeki. Ukikumbuka kifurushi, ilikuandikia [1960,1,1], namba tatu kwenye mabano, kwa sababu Jackson tangu zamani iliandika tarehe kama namba na hawakutaka kuvunja programu za watu. Ukitaka "1960-01-01" kama binadamu, unazima kitufe kimoja. Nimeona kitufe hicho kikizimwa kwenye kila mradi niliowahi kuingia. Mwaka 2020, toleo la 2.12 hatimaye lilianza kukataa waziwazi LocalDate isiyo na kifurushi. Jackson 3, ambamo java.time imo ndani na kitufe kimezimwa tayari, ilitoka Oktoba 2025. Hesabu mwenyewe kutoka 2014.

Gson, maktaba ya Google ya kazi hiyo hiyo, ilikuwa inachungulia sehemu za siri za ndani ya LocalDate na kuzinakili. Ikaenda hivyo miaka mpaka Java 16, mwaka 2021, ilipofunga mlango wa ndani, na programu zilizokuwa zikifanya kazi jana zikakataa leo. Simu za Android nazo zilipata java.time kwenye Android 8.0, mwaka 2017. Mwenye simu ya zamani alisubiri hadi 2020, pale waandishi wa programu walipopata njia rasmi ya kuibeba java.time ndani ya programu zao. Na simu za zamani unajua ziko mikononi mwa nani.

Ila linaloniuma zaidi ni Hibernate, maktaba ambayo programu nyingi za Java hutumia kuongea na hifadhidata. Ilianza kuunga mkono java.time mwaka 2015 kwa kifurushi cha pembeni, ikaiingiza ndani kabisa 2016. Kwa nje safi: unaandika LocalDate, inapokelewa. Lakini ndani, katika matoleo hayo ya awali, LocalDate yako iligeuzwa kuwa java.sql.Date, mtoto wa ile Date ya 1996, yaani saa sita usiku ya mji ambao kompyuta inadhani ipo, kisha ndipo ikapelekwa kwenye hifadhidata. Seva ikiwa kwenye mji mmoja na hifadhidata ikidhani iko mwingine, siku inateleza. Mtu amefuata ushauri wote, ametumia aina mpya, na bado mzee anarudi kuwa wa 31 Desemba 1959. Njia ya moja kwa moja ilikuwepo tangu 2014, maana kiwango cha JDBC 4.2 kilichotoka na Java 8 kiliruhusu kuikabidhi LocalDate kwa hifadhidata kama ilivyo. Shida ni kwamba kuibadilisha njia ya ndani kunahatarisha programu za watu zilizozoea ya zamani, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Ndiyo maana mimi nikisoma "maktaba hii inaunga mkono tarehe za kisasa" naenda kutazama inapitia wapi kufika huko.

Kuna mambo ambayo java.time yenyewe haikuyamaliza. Ina kalenda ya Hijria, lakini ni ile ya Umm al-Qura, inayohesabiwa Saudia mapema. Walioandama mwezi Mombasa au Muscat wanaweza kufunga siku nyingine, na hakuna maktaba itakayowaamulia. Kuhusu saa za Kiswahili, tangu Java 16 unaweza kuiomba programu iandike kipindi cha siku kwa lugha yoyote, na Kiswahili kimo, kizuri tu: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Alfajiri ni kuanzia saa kumi usiku hadi saa moja asubuhi. Aliyeandika hilo anatujua. Lakini saa yenyewe inabaki ya Kizungu, kwa hiyo saa mbili asubuhi inaandikwa 8:00 asubuhi. Gazeti la Dar es Salaam likiandika saa 8:00 mchana, kila msomaji anajua ni baada ya adhuhuri. Kompyuta haijui. Aina ya data kwa siku inayohesabiwa kuanzia kuchwa na kucha kwa jua haimo ndani ya java.time, na sijaona anayeiomba.

Ile kumbukumbu ya tz, kwa upande wake, imesahihishwa. Watu walichimba nyaraka, na Nairobi ya leo mle ndani ilihamia saa tatu kamili usiku wa kuamkia 1 Agosti 1942. Kwa hiyo saa sita usiku ya 1 Januari 1960 imerudi. Dar es Salaam haina historia yake tena kwenye faili kuu, imekuwa jina la pili la Nairobi, pamoja na Kampala, Mogadishu na visiwa vya Ngazija, maana watunzaji wanajali hasa yaliyotokea tangu 1970, na tangu hapo miji hii haijatofautiana. Muscat nayo ni jina la pili la Dubai. Najua kuna nyumba ambazo sentensi hiyo haitapokelewa vizuri.

Na kivinjari unachosomea hapa? JavaScript iliandikwa 1995 kwa haraka na agizo kwamba ifanane na Java, wakainakili Date pamoja na Januari yake ya sifuri. Java ilianza kuikimbia 1997. Mbadala wa JavaScript unaitwa Temporal, na una aina ya siku tupu inayofanana na LocalDate. Firefox iliuweka Mei 2025. Kwa hiyo ukimjazia mama fomu mtandaoni wiki hii, na kwenye ukurasa wa kuhakiki ukaona siku imerudi nyuma moja, piga picha ya skrini kabla hujabonyeza kutuma, na uihifadhi pamoja na pasipoti.